Msafara wa Matanga Nilioupeleka Kiamaiko

Jumamosi ya pili ya mwezi wa Juni mwaka jana, kuna mama mmoja alisafiri usiku kucha kutoka Vihiga kuja kumtazama mwanawe kwa mara ya mwisho, akafika Nairobi salama, na bado akakosa kumwona. Aliyemkosesha ni mimi. Naanza na hilo kwa sababu mkasa huu una sehemu za kuchekesha, na wenzangu hapa Umoja wakiusimulia huwa wanaanzia kwa mbuzi, lakini mimi nikianzia kwa mbuzi nitakuwa ninajitetea.

Baba yangu alikuwa amefariki mwezi wa Machi. Alifanya kazi reli miaka mingi, upande wa stoo, mtu wa maneno machache, na mimi nilimfuata kwa hilo. Tangu tumzike sikuwa nimezungumza juu yake na mtu yeyote, hata na mama. Alituachia gari. Stesheni wagoni nyeupe, zee kuliko mimi (mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, lenyewe lilikuwa linakaribia thelathini), zito kama kabati la chuma, na baba alikuwa na tabia ya kuligonga boneti kwa kiganja akisema magari ya siku hizi ni makopo ya soda, ukitaka kufika uzeeni endesha bati lenye uzito. Mimi niliamini. Nililiendesha gari hilo kwenda mazishini Bungoma na kurudi, leseni yangu ikiwa na miezi minne, na nikajiona dereva.

Bima ya gari ilikuwa inaisha Mei. Mama akanipa pesa, zile zile ambazo baba alikuwa akilipa kila mwaka, akaniambia, "Wafula, nisikie vizuri. Gari hili lisitoke langoni bila bima. Siku nitakayosikia umelitoa bila bima, nitaliuza. Sitakuzika wewe pia, wala sitazika mtoto wa mtu."

Nikasema, "Sawa mama."

Nilikwenda kwa wakala mmoja wa bima pale soko la Umoja, mama wa makamo anayeitwa Bi Rukia, ana meza yake kando ya duka la simu. Akaniuliza leseni ina muda gani, nikamwambia. Akauliza umri, nikamwambia. Akaiweka kalamu chini.

"Kijana wangu, kampuni ikisikia ishirini na miwili, na leseni ya juzi, inashika kichwa," akasema. "Ukiwa chini ya ishirini na mitano unahesabiwa kama moto. Bei ya mzee haiwezi kuwa bei yako."

"Lakini gari ni lile lile."

"Gari ni lile lile, mkono si ule. Na hata hilo gari, kwa umri huo hakuna atakayelikubalia bima kubwa, utapata thadi pati pekee, ile ya kumlipa utakayemgonga. Lina mifuko ya hewa?"

Sikujua. Nikamwambia lina bati gumu. Bi Rukia akacheka, lakini si kwa ubaya, akaniambia bati gumu linajilinda lenyewe, niangalie kwanza mkanda kama unashika (haukuwa unashika, ulikuwa umelegea kama mshipi wa suruali ya kurithi), halafu nimlete mama tujaze fomu pamoja, tuongeze kidogo, na kama hatuna tulipie mwezi mmoja mmoja. Hiyo ilikuwa njia ya wazi kabisa. Nilihitaji tu kumwambia mama kwamba pesa hazikutosha kwa sababu dereva ni mtoto.

Sikumwambia. Ile "kwa sababu dereva ni mtoto" ndiyo ilinishinda. Nilikuwa ndiye mwanamume wa nyumba sasa, watu walikuwa wameniambia hivyo mazishini wakinishika bega mmoja baada ya mwingine, na mwanamume wa nyumba anarudije kwa mama yake kusema ameambiwa yeye ni moto? Kwa hiyo nikamwambia mama tayari. Zile pesa nikanunua tairi mbili za mbele za mitumba, nikajiambia usalama kwanza, maana zile za zamani zilikuwa zimebaki laini kama kisigino. (Na redio. Ndiyo, na redio. Nimesema nitasema yote.)

Sasa kuhusu utepe. Kwetu mnajua, gari likiwa kwenye msafara wa matanga linafungwa utepe mwekundu kwenye vioo vya pembeni, na likifungwa hivyo barabara inaliachia nafasi, madereva wanapunguza mwendo, na askari wa trafiki hawalisimamishi. Gari la baba lilirudi kutoka Bungoma na tepe zake. Wiki za kwanza niliziacha kwa huzuni, mkono ulikuwa haufiki kuzifungua. Halafu Mei ikaja, na rafiki yangu Kevo, ambaye ana kigari alichokishusha hadi kinalamba lami na anasumbuliwa na trafiki kila siku, akaniona nikilisukuma gari ndani baada ya kuliosha.

"Buda, bima umelipa?"

"Bado."

"Basi hizo ribboni usitoe. Karao hawezi simamisha matanga. Hiyo ndiyo bima yako."

Tukacheka. Nilicheka, na baba yangu hana hata miezi mitatu ardhini. Na nikaziacha.

Jua likazipausha. Kufikia Juni zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, haziwezi kumdanganya mtu, na hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo ambalo yote yalitokana nalo: nilipanda hadi Eastleigh nikaingia duka la vitambaa nikanunua utepe mpya. Muuzaji aliniuliza wa harusi au wa nini, nikamwambia wa matanga. Akaniambia, "Pole sana ndugu yangu," akakata mita moja, halafu akaongeza nusu ya bure. Nilimwambia ahsante.

Jumamosi ile mama alikuwa ameandaa chakula cha shukrani, kuwashukuru majirani na akina mama wa kanisa waliotushika mkono wakati wa msiba. Sufuria zilikuwa zimeazimwa, viti vimeletwa, kilichobaki kilikuwa mbuzi, na mbuzi unamfuata Kiamaiko, soko la mbuzi. Mama akasema nitume mtu wa boda, mimi nikasema hapana, nitakwenda na gari. Akaniuliza mara moja tu, "Bima iko sawa?" Nikasema iko sawa. Nikafunga utepe mpya kwenye kona, mbali na macho yake, nikaingia barabara ya Outering.

Na kweli ulifanya kazi! Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma, kwamba ulifanya kazi vizuri kupita nilivyotaka. Magari yalinipisha. Mzee mmoja kando ya barabara alivua kofia. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na uso wangu siku hizo ulikuwa na huzuni yenyewe, haukuhitaji kuigiza. Karibu na mzunguko wa Kariobangi foleni ikasimama. Mbele kabisa niliona gari la mwili, lile refu jeusi lenye maua juu, na magari matatu nyuma yake yenye tepe kama zangu, yakikata kulia kwenda Dandora. Kati yao na mimi lilikuwa limeingia lori la mchanga. Sikulitilia maanani. Mimi nilikuwa nakata kushoto.

Kilichokuwa nyuma yangu sikukitazama, dereva mchanga kioo cha nyuma hukitumia kujiangalia. Nyuma yangu kulikuwa na kigari kidogo kipya cheupe na van moja ya kanisa, wote wa msafara ule, wametenganishwa na wenzao na lile lori. Wameona gari lenye utepe mpya unaong'aa. Wamelifuata.

Askari wa trafiki alikuwa amesimama karibu na gurudumu langu la mbele, mkono juu, amezuia magari upande wa pili, na macho yake yalikuwa yanatembea polepole kwenye kioo changu. Hapo mwanamume mmoja wa suti nyeusi akashuka kutoka kile kigari, akaja mbio hadi dirishani kwangu.

"Ndugu, gari la mwili limetupotea. Wewe uko na njia?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ni maneno machache tu: mimi si wenu, wenzenu wamekwenda kulia. Lakini askari alikuwa hapo, anasikia, na nikisema mimi si wa matanga angeuliza basi utepe ni wa nini, na baada ya utepe angeuliza bima. Nikamtazama yule bwana machoni nikasema, "Niko na njia. Nifuateni."

Askari akavua kofia. Akatufungulia barabara. Nikakata kushoto, na wao wakakata kushoto.

Nia yangu (sijui kama nia inahesabika) ilikuwa nipite yule askari, nisimame mbele kidogo, niwaambie. Lakini mbele kidogo kulikuwa na mikokoteni, na mbele yake malori yanashusha nyasi, na kila nilipopunguza mwendo watu walipiga honi, na barabara ikazidi kuwa nyembamba, na tukawa tumeingia Kiamaiko kabisa, kati ya mazizi, msafara wa matanga wa magari matatu, taa zote zinamwekamweka. Niliinama mbele nikitafuta mahali pa kuegesha. Mbuzi mmoja mweupe akakatika kamba akaruka mbele yangu. Nikakanyaga breki kwa mguu mzima, zile tairi zangu za mbele zikashika vizuri sana, na kile kigari kikaniingia nyuma.

Sasa sikieni. Bati la baba lilikuwa gumu kama alivyosema. Gari lilipata mkunjo mmoja kwenye bampa, basi. Lakini ule mkanda haukunishika, nikaugonga usukani kwa mdomo na meno mawili ya mbele yakabaki mapajani mwangu. Kile kigari, lile kopo la soda, pua yake yote ilikunjika kama karatasi, mifuko ya hewa ikapasuka, pakajaa unga mweupe, watu wakapiga kelele kwamba moto, moto, milango ikafunguliwa, na wakatoka watu watatu, weupe kuanzia kichwani, wanakohoa, lakini wazima. Hakuna aliyekwaruzika. Yule bwana wa suti. Dada mmoja. Na mama mzee mwenye kitambaa cheusi kichwani, anajipangusa unga usoni akiuliza, "Tumefika?"

Wale wa van hawakuona ajali vizuri, waliona tu magari yamesimama na watu wamekusanyika. Wakadhani ndiyo kanisani. Wakashuka, wanakwaya kumi na wawili na majoho yao ya zambarau, wakajipanga, na mama mmoja mnene akatoa sauti ya kwanza, na wengine wakaingia, wakaanza kuimba wimbo wa kumuaga marehemu pale kati ya mbuzi. Mbuzi nao wakaitikia. Wachuuzi waliokuwa wanapigania bei wakanyamaza. Mmoja wao, Hassan, ambaye mama alikuwa amemwagiza, akanitambua akaja akiwa ameweka mkono kifuani.

"Poleni sana, poleni. Mwenyezi Mungu awape subira. Mama alisema mmoja. Lakini naona watu ni wengi, mnataka wangapi?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu. Yule bwana wa suti, baadaye nilijua anaitwa Silas, shemeji wa marehemu, alitazama mbuzi, akatazama kwaya, akanitazama mimi.

"Kanisa liko wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Wewe ni wa upande gani wa familia?"

Nikatikisa kichwa tena.

"Nionyeshe bima."

Nikamfungulia simu, nikamwonyesha ile ya zamani, sikuwa na nyingine. Akaisoma kwa sauti, na kwaya ilikuwa imenyamaza sasa, kila mtu alisikia. "Hii iliisha mwezi uliopita. Na huyu Barasa ni nani?"

"Ni baba."

"Mpigie simu aje."

"Tulimzika Machi."

"Machi," akasema Silas. Akagusa utepe kwenye kioo changu, ule mpya. "Na huu ni wa nini?"

Nikasema ukweli, na ukweli bila meno ya mbele unatoka na mbinja. Nikasema sikuwa na bima, na kwamba utepe niliununua ili nisisimamishwe. Nilisema hivyo mbele ya kwaya na wachuuzi na mbuzi wao.

"Wueh!" akasema mtu nyuma. "Huyu msee anazika tangu Machi!"

"Hajazika mzee pekee, amezika na bima!"

Watu walicheka hadi wengine wakashika mazizi. Silas hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, na ningependelea angenipiga: "Huyu mama basi lao liliharibika njiani. Tulipotazama mwili mochari asubuhi hakuwepo. Gari la mwili lilipopita nyumbani, mtaa wa Fedha, alifika, tukamwambia subiri mama, utamwona kanisani, jeneza litafunguliwa kanisani. Na saa saba kanisa lina harusi."

Ilikuwa saa sita na nusu.

Kigari chao hakikuweza kusonga. Nikasema nitampeleka mimi, dada wa marehemu akasema huyu hataingia gari la huyu, na alikuwa na haki. Wakampandisha mama mbele kwenye van, lakini van ilikuwa imezuiwa na magari yetu mawili, ikabidi wachuuzi waje wasukume, na mbuzi wafukuzwe, na mtu wa mkokoteni aombwe. Nilifungua zile tepe nikazitia mfukoni nikawafuata Dandora na damu kwenye shati. Sikujua nafuata nini. Niliona tu siwezi kugeuka nikaenda nyumbani.

Tulipofika magari ya harusi yalikuwa yanaingia kwa lango moja na jeneza linatoka kwa lango lingine. Limefungwa. Walikuwa wamengoja, mchungaji alisema, walingoja hadi mwisho, hata nyimbo waliimba bila kwaya. Mama akaweka kiganja juu ya kifuniko akasema wafungue kidogo tu. Wazee wa ukoo wake wakasogea wakasemezana naye kwa lugha yao. Kwao jeneza likishafungwa baada ya ibada halifunguliwi tena, wala barabarani wala kaburini. Hakulia. Aliuliza, "Hata kidogo?" Mzee mmoja akasema, "Hata kidogo, mama." Akaondoa mkono.

Nilisimama kando ya ukuta, watu wa harusi wakinikwepa.

Nyumbani nilifika saa kumi. Wageni walikuwa wamekula wali na maharagwe. Mama alikuja langoni akaniangalia mdomo, akaangalia bampa, akauliza, "Mbuzi yuko wapi?" Nikamweleza yote, kuanzia kwa Bi Rukia. Hakupaza sauti. Jumatatu tulikwenda pamoja kituo cha polisi nikaandikisha ajali na kosa langu, na wiki hiyo gari la baba likauzwa kama alivyokuwa amesema, na sehemu ya pesa ikaenda kutengeneza kigari cha Silas, kwa sababu hakukuwa na kampuni yoyote ya kutulipia, ni sisi tu. Siku lilipoondoka mama aliingia ndani akawasha jiko. Mimi nililitazama hadi likapinda kona. Sijashika usukani tangu siku hiyo, na nikiushika tena itakuwa nimelipa kila nilichoambiwa nilipe, kwa jina langu na umri wangu. Utepe mwekundu sitaugusa mpaka nifiwe kweli, na naomba isiwe karibuni.

Lakini hilo la mama mzee lilikuwa halijaisha. Baada ya wiki mbili mama yangu alisema tuende Fedha kuomba msamaha, kabla mama yule hajarudi Vihiga. Tulikwenda kwa miguu kutoka stendi, mama akibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai. Silas alitufungulia. Hakutukaribisha wala hakutufukuza, aliacha mlango wazi.

Mama mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha, na miguu yake juu ya stuli. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, nikasema moja tu, "Nisamehe, mama."

Akaniuliza, "Baba yako, ulimtazama?"

"Nilimtazama, mama."

"Alikuwaje?"

Sikuelewa. Nikamtazama mama yangu, naye hakuelewa.

"Nimekuuliza alikuwaje. Uso wake. Mimi wangu sikumwona. Hawa wananiambia tu alikuwa anapendeza, alikuwa kama amelala. Kila mtu husema amelala. Niambie wewe."

Kwa hiyo nikamwambia. Nilimwambia baba alikuwa amekonda mashavu, na walikuwa wamempaka poda ambayo hangeikubali, na tai walimfunga vibaya, fundo liko upande, nikataka kulinyoosha nikaogopa kumgusa. Nilimwambia masharubu yalikuwa yale yale. Nilimwambia hakuwa kama amelala, alikuwa kama mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali. Mama yangu nyuma yangu alikuwa amejifunika uso kwa leso, kwa sababu hayo yote hata yeye sikuwa nimewahi kumwambia.

Dada yake marehemu akaingia na trei ya chai akauliza kama aweke mezani.

"Ngoja kwanza," mama mzee akamwambia. Akaishusha miguu kutoka kwenye stuli, akaisukuma kwangu nikalie. "Na mikono? Walikuwa wameiweka vipi?"